Mazuku ya Zuhura

Msikilizaji wa Sange, kuna majira ambapo jua likishazama nyuma ya milima ya Mitumba, kitu kimoja kinang'aa angani kuliko nyota zote. Hicho ni Zuhura. Si nyota, ni sayari, na kwa ukubwa inakaribiana sana na dunia yetu. Hewa yake karibu yote ni kaboni dioksidi. Watu wa Goma na Sake hewa hiyo wanaijua kwa jina la mazuku: inatoka ardhini, inatuama mabondeni kwa sababu ni nzito, na mbuzi akiinamia majani humo hainuki tena. Neno hilo ni letu, na wataalamu wa volkano duniani kote wamelichukua kama lilivyo.

Basi mtu akisema kusoma sayari ni starehe ya Wazungu wenye darubini, mimi namtajia Dieudonné Wafula. Mkongomani huyu wa kituo cha utafiti cha Lwiro, hapo juu kidogo ya Bukavu, sayari aliyoichunguza ni hii tunayoikanyaga. Mwanzoni mwa Januari 2002, yeye na wenzake walikuwa na mashine mbili tu za kupimia matetemeko, nchi ikiwa vitani. Kwa mashine hizo waliona volkano ya Nyiragongo inajiandaa kupasuka, wakatoa onyo. Tarehe 17 volkano ikapasuka, moto ukapita katikati ya mji wa Goma. Mtaalamu alikuwepo na onyo lilikuwepo. Waliofundishwa kulielewa walikuwa wachache mno.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sisi wa Sange tuna kidonda chetu. Tarehe 2 Julai 2010 kamioni ya mafuta ilianguka hapa barabarani, mafuta yakamwagika, kisha yakashika moto. Zaidi ya watu 200 walikufa. Wengine walikuwa wanachota, wengine walikuwa wamekaa vibandani wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Sitaki mtu awalaumu marehemu. Njaa haina hesabu. Lakini mvuke wa esansi, kama mazuku, ni mzito kuliko hewa. Haubaki pale ulipomwagika. Unatambaa chini chini, unafuata mteremko, mpaka ukutane na moto. Hilo ni somo la nusu saa, na mtoto wa shule ya msingi analielewa.

Walimu wetu, najua mshahara unavyochelewa, na maabara hamna. Lakini chukueni siki na bikaboneti, changanyeni ndani ya kopo, povu litulie. Kisha inamisheni kopo juu ya mshumaa unaowaka, polepole, kama mnaomimina maji, ila povu lisidondoke. Mshumaa utazimika, na watoto hawataona kilichouzima. Waulizeni ni nini. Fanyeni wiki hii.