Mgonjwa na Dawa Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya dawa. Mimi si tabibu, ni karani kama wengi wenu. Walakini ukarani una sheria moja imfaayo kila mgonjwa: mtu hatii sahihi chini ya karatasi asiyoisoma. Basi mbona twapokea dawa dirishani kimya, tukaitia mfukoni, tukaenda zetu?

Wengi hunyamaza kwa heshima, wakidhani kuuliza ni kumtilia tabibu shaka. Lakini mtoa dawa ni binadamu. Wagonjwa ni wengi, na majina ya watu hufanana, na ya dawa vilevile. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zipunguze madhara ya makosa ya dawa, na mgonjwa mwenyewe alihesabiwa miongoni mwa walinzi.

Natoa mifano mitatu.

Kwanza, bahasha. Huandikwa "1 x 3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Asiyeambiwa huweza kumeza vitatu kwa mara moja. Au tazameni dawa mseto ya malaria, vile vidonge vya miligramu 20 na 120: mtu mzima humeza 4 kila mara, mara 6 katika siku 3, jumla 24. Mara ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa 4 asubuhi humeza tena saa 12 jioni, kisha asubuhi na jioni siku mbili zifuatazo. Akiacha kwa kuwa homa imepoa, ugonjwa huweza kurudi.

Pili, kijiko. Dawa ya mtoto ikiagizwa kijiko cha chai, makusudio ni mililita 5. Kijiko kikubwa cha mezani huweza kuchukua 15, mara tatu ya kipimo. Ombeni kipimo chenye alama.

Tatu, dawa moja yenye majina mawili. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu mzima asipite gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Anayemeza vidonge hivyo na dawa ya mafua pamoja huweza kupita kiasi asijue, na ini likaharibika.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kuondoka dirishani, someni jina lililoandikwa kama ni lenu. Ulizeni: dawa hii ni ya nini, nimeze kiasi gani, saa ngapi, siku ngapi, kabla ya chakula au baada yake? Kisha rudieni maneno hayo mbele ya mtoa dawa, apate kuwasahihisha. Mwambieni dawa zote mnazotumia, na za miti shamba pia. Na iliyowahi kuwadhuru msiifiche. Mama mjamzito aseme hali yake.

Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Nasi tusomao tuna deni zaidi, kwa maana jirani asiyejua kusoma hutuletea bahasha yake. Tusimsomee kwa haraka.