Makazi ya Familia ya Kawaida Tukuyu: Msaada Uanzie Kwenye Paa



1. Utangulizi

Kanada wana kipimo chao: nyumba iko ndani ya uwezo wa kaya ikiwa haimezi asilimia 30 au zaidi ya kipato chake. Kwa kipimo hicho, familia nyingi za Toronto na Vancouver zimeelemewa. Hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, kipimo hicho hakitutoshi. Mkulima wa ndizi au parachichi hana mshahara wa mwezi, wala hanunui nyumba kwa mkopo wa miaka 25. Anajenga kwa fedha za mfukoni, kidogokidogo, kwa miaka. Hoja yangu ni kwamba kinachomuumiza zaidi ni kungoja: fedha zake zimelala kwenye kuta zisizo na paa, huku akiendelea kulipa kodi ya pango.

2. Tulikotoka

Katika miaka ya 1930, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walichunguza vijiji vya rika vya Wanyakyusa wa huku kwetu. Vijana wa rika moja walijitenga na wazazi wao wakaanzisha kijiji chao. Mianzi, udongo na nyasi vilipatikana jirani. Nyumba ilidai zaidi nguvu na ushirikiano kuliko fedha. Leo bati, saruji, nondo na misumari vinadai fedha taslimu, na ardhi ya kuanzishia kijiji kipya haipo.

Serikali nayo imejaribu kusaidia watu kupata makazi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Benki ya Nyumba ilianza miaka ya 1970, ikafungwa mwaka 1995. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Tangu mwaka 2010 ipo kampuni inayozikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, lakini mikopo hiyo nchini haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Benki inataka mshahara na hati. Muuza ndizi wa Kiwira hana vyote viwili.

3. Hali ilivyo

Tukuyu mvua ni nyingi, na kiangazi ni kifupi. Tofali hufyatuliwa, huanikwa na kuchomwa katika miezi hiyo michache. Tanuri linataka kuni, na kuni ni miti ya kununua. Kuta zikifika kwenye lenta, fedha zimekwisha, na bado kuna mbao za kenchi na bati. Masika yakilikuta boma hilo limejengwa kwa udongo, maji yanachuruzika kwenye maungio, udongo unashuka, na tofali za juu zinalegea. Mwaka unaofuata mwenye nyumba anarudia kazi aliyokwisha kuilipia.

Mpangaji naye ana mzigo wake. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai miezi 6 kwa mkupuo, ni 240,000. Dalali akichukua ya mwezi mmoja, jumla ni 280,000 kabla hajaingiza godoro. Fedha hizo zingeanza kununua bati.

Na kiwanja? Ardhi yetu imejaa migomba, chai na parachichi. Mwenye shamba linalomlipa kila msimu hana haraka ya kuuza, na akiuza anauza kipande kisichopimwa, kisicho na njia ya kupitisha gari.

4. Mapendekezo

Kwanza, vyama vya ushirika vya chai, maziwa na parachichi vitoe mkopo mdogo wa kuezeka, urejeshwe kwa makato ya mauzo. Fundi alipwe na bati linunuliwe kabla ya masika.

Pili, vikundi vya vijana vitumie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kupata mashine za matofali ya kufungamana, teknolojia iliyosambazwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Tofali hizo hutengenezwa kwa kushindilia udongo na saruji kidogo. Hazihitaji kuni, na zinaokoa miti yetu.

Tatu, halmashauri ipime viwanja vidogo pembezoni mwa mji kabla nyumba hazijaota, na vijiji viharakishe hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Nne, itungwe sheria inayompa mpangaji haki ya kulipa kwa mwezi. Wakati tukiisubiri, watendaji wa mitaa waandae mkataba wa mfano, na wenye nyumba walio tayari waanze nao.

5. Hitimisho

Familia za Rungwe hazijakaa zikisubiri kujengewa. Zimefyatua tofali, zimechoma, zimesimamisha kuta kwa jasho lao. Nawaomba madiwani, viongozi wa ushirika na wataalamu mliomo humu: kabla ya kubuni mradi mwingine wa nyumba mpya, hesabuni maboma yaliyokwishasimama katika kata zenu, kisha wekeni kwenye bajeti ijayo fungu la kuyaezeka.