Kiungulia na Kisu cha Daktari
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumzie utumishi serikalini. Nimeomba ruhusa kubadili mada, maana mwezi ujao nitapasuliwa kwa sababu ya kiungulia, na jana usiku mezani niliwahesabu wenzangu watano wakitafuna vidonge vya magnesiamu kama karanga.

Kwanza tuelewane. Kwetu kila maumivu ya chembe cha moyo huitwa vidonda vya tumbo. Ninachosema ni kitu kingine. Mwisho wa umio, pale unapoungana na mfuko wa tumbo, pana msuli wa mviringo unaofunga njia kama kamba ya mdomo wa gunia. Msuli huo ukilegea, au sehemu ya juu ya mfuko ikipenya kiwambo na kuingia kifuani, tindikali hupanda na kuunguza umio. Wengi hutulizwa na dawa kama omeprazoli, na hao hawana haja ya kisu. Mimi nimezimeza miaka sita, na bado usiku maji machungu hunifika kooni.

Upasuaji mashuhuri una jina la Rudolf Nissen, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyeihama nchi yake mwaka 1933 akaenda Istanbul. (Ndiye aliyempasua Albert Einstein huko New York mwaka 1948, ingawa kwa ugonjwa mwingine.) Akiwa Istanbul alimkata mgonjwa sehemu ya chini ya umio, akaufunika mshono kwa kuukunja mfuko wa tumbo. Baadaye aliona kuwa mgonjwa yule hasumbuliwi na kiungulia. Mwaka 1955, akiwa Basel, aliitumia njia hiyo kutibu kiungulia chenyewe: sehemu ya juu ya mfuko huzungushwa umio mzima kama shali shingoni. Tangu mwaka 1991 kazi hiyo hufanywa pia kwa matundu madogo na kamera.

Shali hiyo huzuia vizuri, lakini wengine hupata taabu ya kumeza, hawawezi kubeua wala kutapika, na tumbo hujaa hewa. Ndiyo sababu Mfaransa André Toupet, mwaka 1963, alieleza njia ya kuzungusha kwa nyuma bila kufunga duara. Madhara hayo hupungua.

Tena kuna pete. Ile ya silikoni iliyotolewa mwaka 1979, ya Angelchik, iliachwa kwa sababu iliteleza au kutoboa ndani, na wengi ikabidi watolewe. Iliyokubaliwa Marekani mwaka 2012 ni mkufu wa shanga za titani zenye sumaku: ukimeza hufunguka, kisha hujifunga. Mtu huweza kubeua. Ila ni ghali, na mwenye nayo hawezi kuingia kila mashine ya picha ya sumaku. Mimi kwa mshahara wangu sikuiuliza bei mara mbili.

Ndugu zangu, msikimbilie kisu. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019 ulianza na watu 366 ambao dawa hazikuwasaidia. Baada ya kupimwa sawasawa walibaki 78 tu waliofaa kugawanywa katika makundi ya matibabu. Baadhi ya wengine, ama dawa iliwasaidia walipoimeza ipasavyo, ama ugonjwa wao haukuwa huo. Lakini kati ya 27 waliopangiwa upasuaji, 18 walipata nafuu kubwa. Kati ya 25 walioongezewa dawa, ni 7. Na huko Uswidi, katika watu 2,655 waliopasuliwa, karibu 18 kwa kila 100 ugonjwa uliwarudia, na wengi wao wakarudi kwenye vidonge.

Kwa hiyo mimi nilipimwa kwanza: kamera, kipimo cha tindikali cha saa 24, na kipimo cha nguvu ya umio. Hicho cha mwisho kilionyesha umio wangu husukuma chakula kwa unyonge. Shali nzima ingeweza kunikwamisha tonge. Nimekubaliana na daktari anikunjie kwa njia ya Toupet, nami najua naweza kuwa miongoni mwa wale 18.

Maswali nitayapokea sasa hivi, kabla ya chakula, kwa sababu nimekatazwa kula baada ya saa moja usiku.