Elimu kwa Simu Kabla ya Upasuaji wa Uzazi



Tumeombwa tuseme machache juu ya mama ambaye daktari amekwisha kumpangia siku ya kujifungua kwa upasuaji. Huyu, tofauti na yule akimbizwaye usiku kwa dharura, anayo nafasi ya kujifunza. Hata hivyo wapo waingiao chumba cha upasuaji wakiwa wametia saini karatasi wasiyoielewa, na vichwa vimejaa uvumi.

Simu zetu zaweza kusaidia. Mwaka 2012 Tanzania ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyowapelekea wajawazito ujumbe mfupi wa Kiswahili bila malipo. Leo filamu ya dakika chache yaweza kumwonyesha mama yatakayomfika, naye akairudia mara atakazo. Muuguzi mwenye foleni hawezi hayo.

Afundishwe nini? Kwanza, sababu ya upasuaji wake yeye, na kwa nini, pasipo tatizo, husubiriwa wiki ya 39: mtoto atolewaye mapema zaidi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupumua kwa shida. Kisha, kwa kawaida chakula huachwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2. Chai ya maziwa haihesabiwi kuwa maji! Halafu ganzi ya mgongoni, ambayo hutisha wengi. Mama hubaki macho. Huhisi kuguswa na kuvutwa, lakini si maumivu makali, na akiyahisi aseme papo hapo. Miguu huwa mizito kwa saa chache, kisha nguvu hurudi, asidhani amepooza. Baadaye atahimizwa kutembea mapema ili damu isigande miguuni, wala asiwaone wauguzi kuwa hawana huruma. Ama sitara, aulize mapema nani watakuwapo na atafunikwaje.

Lakini si kila filamu isambazwayo ni elimu. Tuiombe hospitali itakayompasua ituchagulie. Nasi akina baba, ambao mara nyingi simu imo mfukoni mwetu, tumpe mama aitazame, kisha tuketi naye tuandike maswali, kwani daktari apitapo asubuhi hakai sana. Swali moja lisisahaulike: mimba ijayo itakuwaje? Kovu huongeza hatari ya kondo la nyuma kujishika vibaya, ingawa baadhi ya akina mama huweza baadaye kujifungua kwa njia ya kawaida. Jibu la daktari liandikwe katika kadi ya kliniki.