Soma Jani Kabla ya Kununua Dawa

Maelezo yaliyotolewa kwa wakulima wa wadi ya Kyuso, Mwingi Kaskazini, kabla ya mvua ya Oktoba



Mkulima akiona majani ya mtama yamebadilika rangi, mara nyingi hatua ya kwanza ni kwenda agrovet. Ananunua dawa, ananyunyizia, na mtama unazidi kuharibika. Pesa ambayo ingelipa karo imeisha shambani, na huenda ugonjwa wenyewe haukuwa wa kutibiwa kwa dawa hiyo.

Jani lina lugha yake. Likijikunja saa saba mchana na kujikunjua jioni, lina kiu tu. Mabaka marefu yaliyochongoka pande mbili, rangi ya nyasi kavu, ni bakajani. Madoa madogo mekundu yenye vitone vyeusi katikati ni chule. Kutu huacha unga wa kahawia kidoleni jani likipanguswa. Haya matatu ni ya kuvu, na huzidi msimu unapokuwa na unyevu mwingi.

Linalohitaji macho zaidi ni ubwiri unyoya. Mche hupauka ungali mdogo, majani yakawa na michirizi myeupe. Mkulima akifika shambani alfajiri, kabla ya umande kukauka, ataona ukungu mweupe kama pamba chini ya jani. Akija saa tano hataona kitu, kwa sababu ukungu huo huota usiku na kufa jua likiwaka. Baadaye majani huchanika nyuzi nyuzi na mmea hautoi suke la maana. Mche uliofikia hapo haupone kwa kunyunyiziwa. Kinachosaidia ni kuung'oa kabla majani hayajachanika, kisha kuuchoma au kuufukia kwa kina, kwa sababu yakishachanika humwaga mbegu za ugonjwa ambazo hukaa udongoni miaka kadhaa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mkulima husema amebadilisha zao: msimu uliopita mtama, msimu huu mahindi. Lakini ubwiri huu wa mtama hushika mahindi pia, kwa hiyo mgonjwa amehamishiwa chumba kingine katika nyumba ileile. Zao linalovunja mnyororo ni ndengu, kunde au mbaazi, na bahati nzuri Kyuso haihitaji kufundishwa kulima ndengu. Mtama-mwitu unaoota kingoni mwa shamba nao ung'olewe, maana hulisha ugonjwa wakati shamba limepumzika.

Mabua ni swali gumu zaidi. Katika ardhi kavu kama hii, mabua yaliyoachwa shambani huhifadhi unyevu, na si haki kumwambia mkulima ayachome yote. Njia ya busara ni kutofautisha: shamba safi libaki na mabua yake, sehemu iliyokuwa na chule au bakajani iondolewe mabua, na isipandwe mtama msimu unaofuata.

Mbegu ichaguliwe mapema, kutoka kwa mimea yenye afya ikiwa bado imesimama shambani. Anayechagua ghalani hajui suke lilitoka kwa mmea wa namna gani. Dawa ya kupaka mbegu kabla ya kupanda inaweza kukinga miche dhidi ya ubwiri, na huhitajika kidogo kuliko ya kunyunyizia shamba zima. Mbegu iliyopakwa dawa isiliwe na mtu wala kuku.

Kwa wanaopanda mahindi, wakumbuke yaliyotokea Bomet mwaka wa 2011, pale ugonjwa hatari wa virusi unaojulikana kama MLN ulipogunduliwa kwa mara ya kwanza nchini. Majani huwa na madoa ya manjano, hukauka kutoka kingoni, na gunzi hubaki na punje chache. Husababishwa na virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja, vikibebwa na wadudu kama vidukari na vithiripi. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Ushauri uliotolewa ni kung'oa mimea na kukaa angalau misimu miwili bila mahindi katika shamba lililoathirika.

Mwenye shaka aupeleke mmea mzima, pamoja na mizizi, katika ofisi ya kilimo ya wadi kabla haujanyauka. Jani moja lililokunjwa mfukoni halimsaidii afisa.