Mchezo wa Kuigiza Si wa Watoto Peke Yao



Wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba mchezo wa kuigiza ni wa kuwafurahisha watoto siku ya kufunga shule, na kwamba mtu mzima mwenye kazi zake hauhitaji. Fikira hiyo ni potofu, na yatugharimu.

Mtoto achezaye baba na mama chini ya mwembe hapotezi wakati; anayajaribu majukumu atakayoyabeba kesho. Kijana naye huielewa historia zaidi anapoiigiza. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, yahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwanafunzi anayeikariri kwa ajili ya mtihani huambulia majina. Anayeicheza huonja uzito wa kuwaongoza watu vitani bila hakika ya ushindi.

Na watu wazima je? Mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi na wananchi wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha tungwa. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao, mojawapo likiwa mimba za wanafunzi, wakayaigiza, kisha wakayajadili. Mwaka 1996, Mlama na Amandina Lihamba walianzisha mpango wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari hutumia sanaa za maonyesho kueleza yanayowakwamisha masomoni.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini. Msichana anayeogopa kumshtaki mkubwa wake kwa maneno aweza kulionyesha jambo lile katika mchezo, na kijiji kizima kikaliona. Mzee asiyethubutu kumpinga ofisa mkutanoni aweza kumwigiza, watu wakacheka, na ofisa akajifunza. Sisi huhutubia, tukapigiwa makofi, tukayadhani makofi hayo kuwa ni ridhaa.

Itasemwa kwamba hakuna fedha wala ukumbi. Mchezo wataka uwanja, watu na ukweli, hayo tunayo. Tusichokuwa nacho mara nyingi ni uvumilivu wa kuutazama mchezo usiotusifu.

Basi kila shule iwape wanafunzi, wazazi na wazee nafasi ya kuigiza pamoja yale yanayowasibu, nasi viongozi tukae mbele, tunyamaze, tutazame.