NYOKA: WOGA USITUPOTEZE



Leo tunazungumza juu ya nyoka. Nani kati yetu hajakutana naye? Mmoja alimkuta chini ya kitanda, mwingine kwenye kuni, mwingine shambani. Kwetu sisi, usiku hatumtaji hata jina. Tunasema "kamba". Wahenga nao walisema: Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka.

Sisi yalitupata. Ilikuwa jioni, tunatoka shambani. Ndugu yetu alikuwa mbele, miguu mitupu. Mara akapiga kelele: "Mama wee! Nimeumwa!" Kutazama, kumbe ni kifutu, amelala njiani kwenye majani makavu. Kifutu ndivyo alivyo. Mtu akija hakimbii. Hutulia tuli, na rangi yake ni kama udongo na majani. Basi mtu humkanyaga.

Je, tulifanya nini? Woga ulitushika. Tulifunga mguu kwa kamba, tukakaza sana. Tukachanja kwa wembe. Mzee mmoja akaleta jiwe la nyoka. Tukakesha tunangoja. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba hadi pajani. Ndipo tukampeleka hospitali. Alipona, lakini mguu ulikatwa. Daktari alituambia kuwa kamba nayo ilizuia damu. Kamba ile tuliifunga sisi. Tukimwona na magongo yake, roho inatuuma.

Mbona basi watu husema jiwe linaponya? Sababu iko. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu. Hata mwenye sumu kali, pengine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata bila jiwe. Lakini sumu ikiingia, dawa ya kuipinga iko hospitali.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni wakulima kama sisi.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Mtu akiumwa, tumtulize. Asikimbie. Tumvue viatu, pete na bangili.

2. Mguu au mkono tuuegemeze kwenye kijiti, kama uliovunjika, usichezecheze. Tusikaze kamba. Tusichanje. Tusinyonye.

3. Tumpeleke hospitali saa ile ile, kwa machela au pikipiki. Tusingoje kuche.

4. Usiku tutembee na taa, tuvae viatu. Tulale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri.

5. Tusafishe ghala. Panya wakijaa, nyoka huwafuata.

Na nyoka akipita njia yake, tumwachie. Anayemwandama kwa fimbo ndiye anayeyasogelea meno yake.

Ndugu zetu, kuogopa si aibu. Hata sisi bado tunaogopa. Lakini siku ile hatukujua la kufanya. Ninyi sasa mnajua. Msomeeni na jirani asiyejua kusoma.